Re: Kwani Excel ina shida gani kupanga ratiba za ndege za jeshi?

Mkuu, shida sio Excel, shida ni kila mtu ana faili lake. Cheki Wamarekani pale Al Udeid, kambi ya jeshi la anga huko Qatar, mpaka 2016 ndege za kujaza mafuta angani walikuwa wanazipangia kwenye ubao mweupe, yaani mtu akipangusa bahati mbaya imekula kwenu 😂 2017 wakaletewa programu inaitwa Jigsaw, ukibadilisha kitu hesabu za mafuta zinajipiga zenyewe. Ila mziki wenyewe ni kufanya fundi, ofisi ya mafunzo na mpangaji wa ratiba wasome data ile ile, maana fundi akiandika ndege mbovu saa 2 asubuhi halafu mpangaji anakuja kujua saa 5, rubani ashavaa ovaroli lake bure.