Maswali ya Wasomaji: Kuzunguka Lamu Bila Gari

SWALI: Mhariri, nimekusudia kumpeleka mama yangu Lamu mwezi wa Julai. Ana umri wa miaka 70 na magoti yanamsumbua. Nimeambiwa kwamba huko watu hawatembei kwa magari. Tutafikaje, na tukishafika tutazungukaje? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, kufika si kazi ngumu. Ndege hutua kisiwani Manda, na kutoka hapo mtavuka kwa boti kwa dakika chache tu hadi mjini Lamu. Njia ya pili ni treni hadi Mombasa, kisha basi linalopitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, safari ya zaidi ya kilomita 300 ambayo nayo humalizikia kwenye boti. Kabla ya kukata tiketi ya basi, ulizeni hali ya usalama wa barabara hiyo. Ikiwa mfuko unaruhusu, mama apande ndege.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni ngazi za gati. Maji yakijaa, boti huelea karibu na vidato vya juu na mtu huingia bila taabu. Yakipwa, abiria hulazimika kuteremka hadi vidato vya chini, ambavyo huota mwani na kuteleza, na hapo hata kijana hushikwa mkono. Kwa hiyo kila jioni muulizeni mwenyeji wenu maji yatajaa saa ngapi kesho, kwa sababu saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi.

Ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mtatembea kwa miguu. Mizigo mpeni mchukuzi, nanyi mfuate Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na ufuo. Mama akichoka, baraza za nyumba zipo, na salamu nzuri humpatia mgeni nafasi ya kukaa. Kumpandisha punda mtu mwenye magoti mabovu siungi mkono, hata akibembelezwa vipi.

Kijiji cha Shela, kisiwani humo humo, kiko umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mjini. Wenye miguu yao huenda kwa kuambaa ufuo, ingawa maji yakijaa njia hiyo hubana. Ninyi pandeni boti ya abiria ya kuchangia, au mkodi yenu, mkikubaliana bei kabla ya kuingia na kutaja wazi kama ni ya kwenda na kurudi. Julai ni msimu wa kusi, kwa hiyo tokeni asubuhi, upepo ukiwa haujakaza.

Mkitaka kuyaona magofu ya Takwa huko Manda, fahamuni kwamba mkono wa bahari unaopenya mikokoni hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa tu. Nahodha akisema wakati wa kurudi umefika, msimwombe dakika kumi za picha.

SWALI: Je, naweza kwenda kisiwa cha Pate kwa boti ya abiria na kurudi Lamu siku hiyo hiyo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Sikushauri. Boti hizo hufuata maji, nayo si lazima yajae kwa saa zinazomfaa mgeni. Katika mlango wa Mkanda, ulio mwembamba kati ya Manda na bara, tangu zamani vyombo vimekuwa vikingoja maji ndipo vipite. Ukishuka Mtangawanda, gati la kisiwa hicho, bado una mwendo mrefu wa miguu hadi mjini Pate, na ngome ya Siyu iko mbele zaidi. Lala huko angalau usiku mmoja, na kabla ya kulala umuulize nahodha saa ya kuondoka kesho yake.