Ufunguo wa bomba anao nani?

Mchezo wetu wa kwanza kuhusu madaraka tuliuandika mjini, watu wanne chumbani. Mwenyekiti wa kijiji tulimpa kitambi na sauti nzito. Tulipouonyesha kijijini watu walicheka, mwenyekiti mwenyewe akapiga makofi. Tukiwa tunapakia ngoma, mama mmoja akaniambia: "Mwanangu, huyo wenu sisi hatumjui. Hapa ufunguo wa bomba anao mwenye ng'ombe wengi. Hata mwenyekiti humwomba."

Usiku ule sikulala. Tulikuwa tumeigiza cheo, nguvu yenyewe hatukuigusa.

Kwa hiyo, msanii mwenzangu, kalamu iache kwanza. Kaa bombani asubuhi mbili tatu, uone nani anampisha nani kwenye foleni. Kisha fanyeni mazoezi hadharani. Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi waliigiza wenyewe mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, na wanakijiji waliokuja kutazama mazoezi wakawa wanausahihisha. Serikali ilifuta kibali chake Novemba. Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa. Naamini mazoezi yale yalitisha kuliko mchezo wenyewe.

La pili, mchezo msiumalize. Njia hii ni ya Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya jukwaani wa Brazil: simamisha igizo pale pagumu, mwite mtazamaji apande aonyeshe angefanya nini. Boal alipokuwa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, hoja za maigizo ya aina hiyo zilizaa sheria 13 za jiji. Tuliporudi kwa yule mama tulifanya hivyo. Binti wa sekondari akapanda, akadai daftari la mapato ya maji lisomwe mbele ya wote. Safari hii hakucheka mtu.

Kibali cha mtendaji wa kijiji kiombeni mapema, na saa ya onyesho waulizeni akina mama. Siku iwe karibu na mkutano mkuu wa kijiji, maana hapa Tanzania kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na hoja iliyozuka jukwaani inaweza kuingia kwenye muhtasari ingali moto.

Njiani kurudi, mdogo kuliko wote kikundini akaniuliza: "Kaka, na daftari letu sisi tutalisoma lini?" Lilikuwa ndani ya begi langu, miaka mitatu. Tulilisoma jioni ileile.