Ujerumani bila digrii: inawezekana

Ndugu, umeuliza kama kampuni ya Berlin inaweza kukuchukua ukiwa na diploma tu na miaka minne ya kuandika programu. Inaweza, usikate tamaa. Tangu Novemba 2023 Ujerumani inawapa wataalamu wa tehama Kadi ya Buluu (kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi) hata bila digrii, mradi uwe na uzoefu wa miaka 3 ndani ya 7 iliyopita na mshahara ufikie kima cha chini walichoweka. Kwa 2025 kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya kodi. Hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo angalia cha sasa kabla hujasaini mkataba.

Kazi kubwa ni kuthibitisha huo uzoefu. Barua nyingi za waajiri wetu husema "alikuwa mwadilifu na mchapakazi", kisha muhuri, basi. Hiyo haikufikishi mbali. Warudie waajiri wako wa zamani, waombe barua itakayotaja tarehe ya kuanza na kuacha, mifumo uliyojenga, lugha za programu ulizotumia na majukumu yako, maana anayesoma anataka kuona kazi ya kiwango cha mhitimu wa chuo kikuu.

Kijerumani si sharti la kadi hii, ila anza mapema: ukifikia B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21 badala ya 27.