Ukiumia ubongo, mtafute aliyepitia

Kwenye faili langu waliandika "jeraha dogo la ubongo". Hilo neno "dogo" lilinisumbua miezi mingi. Baadaye nikaja kuelewa kwamba kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974, humpa majeruhi alama 3 hadi 15 kwa kuangalia anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyojongeza viungo. Ukipata 13 kwenda juu, jeraha lako ni dogo. Kinapima fahamu zako wakati ule tu. Hakisemi lolote kuhusu miezi sita baadaye, umeshika kijiko mkononi na jina lake halikujii.

Picha ya CT nayo ilitoka safi. Picha hiyo huonyesha vizuri damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini nyuzi za neva zilizovutika na kukatika mara nyingi hazionekani. Basi nikarudi nyumbani mzima machoni pa watu, sina bandeji wala magongo. Ndugu zangu walinipenda, sina shaka, ila walichoka kusubiri nimalize sentensi, nami nikachoka kujieleza. Nikaacha kupokea simu.

Mwaka wa pili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanikutanisha na mama mmoja aliyeumia miaka mingi kabla yangu. Nilipoingia tu alinyanyuka, akazima feni, akavuta pazia. Sikuwa nimemwambia kwamba kelele na mwanga vinaniumiza. Nikaanza kusimulia, nikakwama katikati, naye akatulia. Hakunimalizia neno. Alisubiri mpaka likaja lenyewe. Nililia, maana kwa mara ya kwanza sikudaiwa ushahidi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupumzika kabla sijachoka. Mimi nilikuwa nafanya kazi mpaka kichwa kinazima, kisha nalala siku mbili. Alinikataza pia kuwa na vikaratasi kila mahali: daftari moja tu, mahali pamoja, kila siku. Daktari alikuwa ameniambia maneno karibu na hayo, lakini kwa huyu mama niliona daftari lenyewe, limechakaa pembe.

Kwa hiyo usingoje mwaka wa pili kama mimi. Muulize daktari, muuguzi au mtaalamu wa mazoezi kama anamfahamu mtu aliyepitia hali hii na yuko tayari kuzungumza. Mmoja anatosha kuanzia. Watu kumi wakiongea kwa pamoja ni mateso kwa ubongo uliochoka. Mkiwa kikundi, kutaneni kwa muda mfupi, penye utulivu, mtu mmoja aongee kwa zamu. Mkumbushane kwa ujumbe asubuhi ya siku yenyewe, na asiyetokea asilaumiwe. Tunasahau, ndiyo hali yetu.

Jambo moja nalisema kwa uchungu: msishindanishe majeraha. Nimeona kikundi kikivunjika kwa sababu aliyelala koma wiki tatu alimwambia mwenzake, "Wewe hata hukuzimia." Yule mwenzake hakurudi tena.

Mwenzako si daktari. Msipeane dawa. Kichwa kikizidi kuuma, mtu akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akilegea upande mmoja au akisinzia hata haamshiki, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, hata kama ameomba iwe siri.

Siku hizi nami ninaye kijana ninayekutana naye. Jana aliniuliza kwa mara ya tatu kama uwezo wa kunusa utamrudia. Nikamjibu tena, polepole: wengine huwarudia, wengine haurudi, wangu ulirudi nusu. Akafungua daftari, akaandika.