Umeme ukikatika, faili zinabaki na baiti sifuri: nihamie ZFS?

SWALI: Seva ya ofisini kwetu inatumia Linux na ext4 (mfumo wa kupanga faili kwenye diski). Umeme ukikatika, inawaka tena vizuri bila kulalamika, lakini risiti zilizotoka kuandikwa na programu yetu ya mauzo nazikuta zina majina tu, ndani baiti sifuri. Si huwa tunaambiwa ext4 ina daftari la kujilinda (journal)? Au nihamie ZFS, mfumo mwingine wa faili?

JIBU: Ndugu yangu, daftari lako limefanya kazi yake. Kwa mpangilio wa kawaida, ext4 huandika humo habari za mfumo wenyewe tu: majina, folda, bloku (vipande vya diski) zilizochukuliwa. Seva ikiwaka, kerneli, yaani kiini cha Linux, inalisoma, inakamilisha yaliyokwisha kuthibitishwa na kuyaacha yaliyoishia njiani. Ndiyo maana hakuna haja ya kusubiri fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, ipekue diski nzima kama enzi za ext2. Yaliyomo ndani ya faili hayamo humo.

Baiti sifuri zinakuja hivi. Programu inaunda faili, na jina linathibitishwa kwenye daftari baada ya sekunde kama 5. Lakini ext4 huchelewa makusudi kuyatengea bloku yaliyomo, ili iyapange vizuri, na risiti yenyewe inaweza kukaa kwenye RAM hata sekunde 30. Umeme ukiondoka hapo katikati, unabaki na jina.

ZFS ina njia nyingine. Haiandiki juu ya bloku inayotumika; inaandika pembeni, ikimaliza ndipo inabadilisha kielekezi cha juu kabisa. Ikikatishwa, inarudi kwenye hali kamili ya mwisho. Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, nayo iko hivyo. Safi sana, ila hali hiyo ya mwisho inaweza kuwa ya sekunde kadhaa nyuma, na risiti yako huenda isiwepo hata kwa jina. Na programu inapodai uhakika papo hapo, ZFS nayo hukimbilia daftari, lile linaloitwa ZIL! Hata FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ilijaribu kuishi bila daftari kwa kupanga tu nini kitangulie kufika diskini. Toleo la 9.0 la mwaka 2012 likaongeza daftari dogo, maana fsck ilikuwa bado inahitajika.

Kwa hiyo usihame kwa sababu hii. Mwambie aliyeandika programu hiyo aandike risiti kwenye faili la muda, aite fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini), abadilishe jina, kisha aite fsync kwenye folda. Au aachane na faili mojamoja, atumie SQLite, hifadhidata ndogo ambayo mambo haya imeshayamaliza. Kuwasha data=journal, ili ext4 iandike na yaliyomo kwenye daftari, kutapunguza hasara, lakini kila kitu kitaandikwa mara mbili na bila fsync bado huna uhakika.

ZFS ningeichagua kwa jambo jingine: kila bloku ina alama ya ukaguzi, na ukiwa na diski mbili zenye nakala ileile, bloku iliyooza inarekebishwa kutoka kwa mwenzake. Ext4 haikagui yaliyomo, itakupa uozo huohuo bila kujua.

Halafu nunua UPS yenye waya wa USB, uweke NUT (programu ya kufuatilia UPS) ili seva ijizime betri ikikaribia kuisha. Ziko diski za bei poa zinazojibu "nimeandika" wakati data bado imo kwenye kumbukumbu yao ya ndani, na kwa diski ya namna hiyo hata fsync inadanganywa.