Jibu: Kukusanya ndege Rwenzori

Ndugu, umeuliza kama wewe na wenzako wa chuo mnaweza kupanda milima ya Rwenzori, Uganda, mkakusanye ndege kwa ajili ya makumbusho yenu. Kutazama hakuna shida: lipeni kiingilio, chukueni kiongozi, bebeni darubini. Kunasa au kuchukua sampuli ni jambo jingine kabisa, lazima muwe na vibali vya utafiti vya UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) na UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda). Anzeni kufuatilia mapema.

Mkishavipata, nyavu za kunasia ndege msiziache bila mtu. Kule juu mvua na baridi havina huruma, na chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akilowa hufa upesi. Ndege akifa, andikeni palepale rangi ya macho, mdomo na miguu, maana hufifia na ngozi iliyokaushwa haitawaonyesha tena. Kisha mahali, mwinuko, tarehe, jinsia. Sampuli isiyo na maelezo hayo mimi naihesabu kuwa ndege aliyeuawa bure.

Kulukulu wa Rwenzori, ndege wa msituni, nawasihi msimguse. Anaishi milima ya ukanda huu wa Bonde la Ufa la Magharibi tu. Rekodini sauti yake, inatosha. Chozi wa milimani mtafuteni kwenye maua ya lobelia, zaidi ya mita 3,000.