Mto kwa shamba Murang'a: pima maji kabla ulipe mashini

Huyu jamaa ameuliza kuhusu mto unaopita chini ya shamba la babake Murang'a, kuna muuzaji hapa tao anataka deposti amletee mashini ya stima ya kilowati 5, na maporomoko anakadiria ni mita 4. Mkuu, hiyo pesa kaa nayo kwanza. Mi naishi Umoja lakini kwa mzee wetu Kirinyaga tunawashia stima ya kijito, hii kitu tumeifanya na mikono yetu.

Hesabu si ngumu. Lita za maji kwa sekunde, mara mita ambazo maji yanashuka wima, mara 5, hizo ndizo wati utapata kwa mtambo mdogo. Kwa vitabu ni mara 9.81 lakini karibu nusu inapotelea kwa paipu, tabaini (lile gurudumu maji yanazungusha) na jenereta. Sasa weka zako: wati 5,000 na mita 4 inataka lita 250 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya pipa zima kila sekunde, usiku na mchana, hata mwezi wa pili wakati mawe ya mtoni yanaonekana. Unayo hayo maji? Muuzaji alikuja kuangalia mto lini, si ni wakati wa mvua?

Upana wa mto ndio unadanganya watu. Kijito cha mzee mtoto anakiruka, lakini kinashuka mita 8, na kiangazi kinabaki na kama lita 20 kwa sekunde, kwa hivyo tunapata wati 800. Utacheka, na kweli pasi na birika usahau, lakini inatoka masaa 24, hizo ni yuniti 19 kwa siku. Sola ya wati 800 ikipata masaa 5 ya jua zuri ni yuniti 4, alafu bado ununue betri.

Kupima: ule mpira wa maji mafundi wa mjengo hutumia kusawazisha msingi unatosha kupima mteremko, unashuka hatua kwa hatua ukijumlisha. Maji, kama ni kijito elekeza yote kwa ndoo ya lita 20 uhesabu sekunde. Mto mkubwa tafuta mahali umenyooka, tupa kijiti uone kinaenda mita ngapi kwa sekunde, zidisha na upana na kina kwa mita, mara 1,000 upate lita, utoe robo kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Fanya hivyo kiangazi, sio wakati wa mvua.

Tabaini yetu ilichomelewa Kariobangi Light na haijasumbua. Kinachosumbua ni majani na mchanga, kila asubuhi mzee lazima akwangue chujio na reki la sivyo taa zinafifia. Na lazima uweke kidhibiti, juu watu wakizima taa usiku tabaini inakimbia, volti zinapanda, balbu zinaungua. Yetu inatupa stima iliyobaki kwa hita ndani ya pipa la maji, mama anaoga maji moto bure na enyewe hilo pipa analisifu kuliko taa.

Alafu usiseme mambo ya dam za Tana. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere zinatumia maji yaleyale moja baada ya nyingine, Gitaru peke yake ni megawati 225, na Masinga iko hapo juu ikiwawekea akiba, lakini bado ukame wa 2000 ulituletea mgao wa stima nchi nzima. Wewe huna bwawa, unachukua tu chenye kinapita.

Kibali cha maji kiko WRA, ile mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji, na uongee na majirani wa chini mapema, waone maji yanarudi mtoni yote.

Ukishapima weka namba hapa, na umbali wa mtoni hadi nyumba, tuangalie saizi ya waya kwanza juu hapo ndio pesa huishia.